Ali bin Uthman na Utawala wa Mazrui Mombasa

Ali bin Uthman al-Mazrui alishika utawala wa Mombasa karibu mwaka 1746, baada ya kuiteka Ngome ya Yesu na kumuua liwali aliyekuwa ameletwa kutoka Oman. Tangu hapo kisiwa hicho kikaacha kuwa jimbo la maimamu wa Oman na kuwa dola inayojitawala, chini ya ukoo wa Mazrui, hadi 1837. Ngome ilichukuliwa kwa upanga, lakini kilichouweka ukoo huo madarakani kwa takriban miaka tisini ni maafikiano yake na wenyeji wa mji na majirani zao wa bara.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaitwaa. Mwaka 1728 Wareno walirejea, lakini mwaka uliofuata wenyeji wenyewe waliwaondoa. Ujumbe wa viongozi wa mji na wa Mijikenda ukasafiri hadi Oman kuomba hifadhi ya Imamu Saif bin Sultan wa Pili, naye akapeleka liwali na askari. Kwa hiyo maliwali wa wakati huo waliingia Mombasa kwa ridhaa ya wenyeji, na wenyeji hawakuisahau haki yao ya kusikilizwa. Mmoja wa maliwali hao, katika miaka ya 1730, alikuwa Muhammad bin Uthman al-Mazrui, nduguye Ali.

Mgogoro ulianzia Oman. Nchi hiyo iligawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Uajemi yakaingia, na nasaba ya Yaarubi ikaporomoka. Aliyeinuka ni Ahmad bin Said, liwali wa Sohar, aliyewatoa Waajemi na kuchaguliwa kuwa imamu. Kwake ndiko kulikoanza nasaba ya Busaidi. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake ilikuwa kwamba Ahmad alikuwa liwali tu kama yeye, na kama liwali wa Sohar aliweza kujitwalia Oman, liwali wa Mombasa naye aliweza kujitwalia Mombasa. Ahmad akatuma watu waliojifanya wakimbizi wenye kinyongo na imamu. Muhammad akawapokea, nao wakamuua. Saif bin Khalaf akashika nafasi yake, na Ali akafungwa ngomeni.

Ali alitoroka na kuvuka hadi bara. Huko alikusanya wapiganaji miongoni mwa watu wa Mombasa na Mijikenda, na simulizi za mji husema alipata pia msaada wa nahodha mmoja Mwingereza. Akarudi na jeshi hilo, akaiteka ngome na kumuua Saif bin Khalaf. Wenyeji wakamkubali kuwa liwali. Cheo hakikubadilika jina, lakini tangu siku hiyo mwenye cheo hakuwa tena mjumbe wa imamu.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika namna ya kutawala. Waswahili wa Mombasa walikuwa Thenashara Taifa, zilizogawanyika katika mafungu mawili. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Taifa Tatu walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila fungu lilikuwa na kiongozi wake, na kila taifa lilikuwa na wazee wake waliosimamia mambo ya watu wao. Liwali alikaa ngomeni, akiamua mambo ya vita, ushuru wa bandari na ugomvi kati ya mafungu hayo mawili. Kwa kuwa ukoo wa Mazrui haukutoka katika fungu lolote, pande zote mbili ziliweza kumkubali kuwa mwamuzi.

Mijikenda walikuwa nguzo ya pili. Pembe za ndovu, sandarusi na nafaka vilishuka kutoka kwao hadi bandarini, na wakati wa vita mishale yao ilikuwa sehemu ya ulinzi wa kisiwa. Taifa Tatu walikuwa na urafiki wa karibu na Wadigo na Waduruma upande wa kusini, na Tisa Taifa na makabila ya kaskazini, wakiwamo Wagiriama. Liwali aliyetaka amani alipaswa kuwaheshimu wazee wa bara, na zawadi za nguo zilikuwa sehemu ya heshima hiyo.

Ali aliupeleka pia uwezo wa Mombasa ng'ambo ya maji. Karibu mwaka 1753 aliongoza majeshi kuishambulia Unguja, iliyokuwa mikononi mwa Waomani. Katikati ya vita aliuawa na jamaa yake, Khalaf bin Qadhib, na safari hiyo ikavunjika. Aliyemrithi, Masud bin Nasir, alitawala kwa utulivu zaidi. Kwa muda mrefu Mazrui walikuwa na mamlaka Pemba, kisiwa kilichoipatia Mombasa mchele.

Kushindwa katika vita vya Shela, karibu mwaka 1812, kulianza kuwapunguzia nguvu. Watu wa Lamu waliwashinda Mombasa na Pate, kisha wakamwendea Sayyid Said wa Oman kuomba hifadhi. Pemba ilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1824 Mazrui walipata hifadhi ya Waingereza kupitia kwa nahodha William Owen, lakini serikali ya Uingereza haikuikubali, na mwaka 1826 bendera ya Uingereza ikashushwa. Baadaye ukoo wenyewe ukagombania urithi wa cheo, na Wakilindini wakageukia upande wa Sayyid Said. Msingi uliowekwa wakati wa Ali, yaani liwali anayekubaliwa na mafungu yote mawili, ukawa umebomoka. Mwaka 1837 Sayyid Said aliingia Mombasa. Wakuu wa Mazrui, pamoja na liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas.

Waliobaki walihamia Gazi upande wa kusini na Takaungu upande wa kaskazini, ambako waliendelea kuwa na nguvu hadi vita vya Mbaruk bin Rashid dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Mjini, Busaidi walikiendeleza cheo cha liwali na kuwatambua viongozi wa Thenashara Taifa, na Waingereza nao waliurithi utaratibu huo walipoitawala pwani.