Kutoka Mwanga wa Jua hadi LED: Usalama wa Hadubini Katika Maabara za Chwele

Magonjwa mawili yalisaidia hadubini kupata nafasi yake katika tiba. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliona vijidudu vya malaria katika damu huko Algeria, na mwaka 1882 Robert Koch akatangaza kuwa amevigundua vimelea vya kifua kikuu. Chwele, mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma karibu na Mlima Elgon, uko katika ukanda wa malaria, na kupima damu kwa slaidi bado ni kazi ya kila siku katika maabara za eneo hilo.

Kabla ya umeme kuenea vijijini, mwanga wa hadubini ulitoka angani. Chini ya jukwaa la slaidi kulikuwa na kioo chenye upande bapa na upande uliobonyea, nacho kilizungushwa mpaka duara la kutazamia likang'aa sawasawa. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote. Kioo kikielekezwa kwenye jua lenyewe, lenzi huikusanya miale na kuitia jichoni, na retina huungua pasipo mtu kuhisi kitu, kwa kuwa haina neva za maumivu. Kwa hiyo meza ikawekwa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kioo kikaelekezwa kwenye anga jeupe. Hadubini za kioo zingalipo shuleni, kwa hiyo mwanafunzi anastahili kufundishwa sharti hili kabla hajagusa skrubu yoyote.

Usafi nao ulikuwa na madhara yake. Mafuta ya mwerezi yaliyopakwa kwenye lenzi ya mara 100 yaliganda yasipofutwa mapema, na kuyaondoa kulihitaji zailini, ambayo mvuke wake huumiza kichwa na ambayo ikizidi hulegeza gundi inayoshika lenzi. Mafuta ya kisasa hayagandi. Karatasi laini ya lenzi hutosha. Msimu wa mvua huleta ukungu unaotafuna kioo cha lenzi. Kinga yake ni sanduku lenye silika jeli, au kabati lenye balbu ndogo inayowaka. Punje za buluu za silika jeli hugeuka waridi zikishalowa, kisha hukaushwa kwa moto na kutumika tena. Rangi hiyo ya buluu hutokana na chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, hivyo punje hizo hazishikwi kwa mkono mtupu.

Umeme ulipofika, balbu zikachukua nafasi ya kioo, na kanuni ikawa kuchomoa waya na kuacha balbu ipoe kabla ya kuibadilisha. Taa za zebaki, zilizotumika kutafuta vimelea vya kifua kikuu katika makohozi yaliyotiwa rangi ya oramini, zilitoa miale ya urujuanimno, zikadumu takriban saa 200, na zilipopasuka zilimwaga zebaki chumbani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza taa za LED zichukue nafasi yake. Hizo hazina zebaki, hazihitaji chumba chenye giza totoro, na zinaweza kutumia betri umeme unapokatika.