Neno "Trust" na Mashamba ya Engare Nanyuki

Hivi neno moja laweza kumtoa mtu kwake? Mimi ni mtoto wa Arusha, na jina la Engare Nanyuki nimelisikia tangu utoto. Lakini swali hili lilinijia niliposoma The Meru Land Case, kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton kilichotoka mwaka 1967. Kisa chote kimeegemea neno la Kiingereza, "trust", nalo lina sura zaidi ya moja.

Tuanze na asili yake. Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia, waliosema "traust", yaani tegemeo imara. Wajerumani, waliotawala Meru kabla ya Waingereza, wana ndugu wa neno hilo, "Trost", kwao ni faraja. Katika Kiingereza likawa imani ya mtu kwa mwenzake. Kisha wanasheria wakalichukua: mali ikishikwa na mtu kwa manufaa ya mwingine, hiyo nayo ni "trust". Huko Marekani wafanyabiashara wakaligeuza tena. Mwaka 1882 hisa za kampuni za Standard Oil zilikabidhiwa wadhamini wachache, na neno la uaminifu likawa jina la uhodhi. Kumbe mdhamini aweza kuwa mlinzi, aweza pia kuwa mhodhi!

Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, maana ilikuwa ile ya wanasheria: Mwingereza anashika tu, mwenye mali ni mwananchi. Lakini Novemba 1951 serikali hiyohiyo ilianza kuwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba ya kufugia ng'ombe. Jamani, aliyewekewa amana ndiye aliyeivunja.

Hapa ndipo naona ufundi wa Wameru. Hawakulikataa neno, walilishika. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, akamdai mdhamini kwa neno lake mwenyewe. Hoja yao ilishinda katika Kamati ya Nne, ila kwenye Baraza Kuu ikakosa theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi wakati ule.

Wapo watakaosema hiyo ni historia, si uhakiki. Sikubaliani nao. Kiswahili kina maneno matatu mahali pa "trust": imani na amana, za mzizi mmoja wa Kiarabu, na dhamana. Kiingereza kimeyafungia yote chumba kimoja, na mtawala akajificha humo: alipewa dhamana, akadai imani, akaitumia amana kama mali yake.

Leo Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Basi mhakiki akikutana na neno "mdhamini", popote pale, aulize kama walivyouliza Wameru: anamshikia nani, na nani atamdai?