Viungo 3,000 kwa wiki mbili: historia ya kasi katika Google

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizonga. Lakini wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Nairobi aliniuliza swali ambalo sikutaka lipite hivi hivi. Ametengeneza tovuti mpya ya mteja na sasa anatafuta tovuti nyingine ziiunganishe. Akaniuliza, "Kaka, nikipata viungo vingi kwa haraka, Google watanishusha?"

Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikaona jibu langu halitoshi. Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 20, na ndani ya historia hiyo kuna kosa langu mwenyewe. Haya basi, tuanze mwanzo.

Hesabu isiyouliza "lini"

Wazo la kuhesabu viungo lilianza kabla ya intaneti. Miaka ya 1960 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa iliyoonyesha ni makala gani za kisayansi zimetajwa na makala nyingine. Mantiki yake ni rahisi: makala inayotajwa na wengi huenda ina uzito. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliichukua mantiki hiyo wakaipeleka kwenye wavuti. Mwaka 1998 walichapisha makala iliyoeleza mtambo wao wa kutafuta, ambao wakati huo ulikuwa umekusanya kurasa milioni 24. Hesabu yao waliiita PageRank.

Inafanya kazi hivi. Kila ukurasa una alama zake, na alama hizo unazigawa sawa kwa kurasa zote unazoziunganisha. Ukurasa wenye alama 6 na viungo 3 unatoa alama 2 kwa kila mmoja. (Kuna punguzo fulani katikati, tuliache hilo kwa leo.) Kwa hiyo kiungo kimoja kutoka kwa ukurasa mkubwa kinaweza kushinda viungo kumi kutoka kwa kurasa zisizojulikana.

Sasa angalia kitu kimoja. Hesabu hiyo haiulizi "lini". Viungo 100 vilivyopatikana siku moja na viungo 100 vilivyopatikana kwa miaka mitatu vinatoa jibu lile lile. Ni kama sanduku la kura ambalo likifunguliwa, kinachohesabiwa ni karatasi tu. Sisi Wakenya tunajua vizuri kwamba kura zikiingia kwa mpigo mmoja usiku wa manane, hesabu inaweza kuwa sahihi na bado watu wakabaki na maswali.

Wajanja wanaingia

Haikuchukua muda watu kuliona pengo hilo. Aprili 2001 mwanablogu wa Marekani, Adam Mathes, alionyesha kwamba watu wengi wakiunganisha ukurasa mmoja kwa kutumia maneno yale yale, ukurasa huo utapanda kwa maneno hayo hata kama hayamo ndani yake. Mwishoni mwa 2003 mzaha huo ulifika Ikulu ya Marekani. Ukitafuta maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kushindwa vibaya, Google ilikuletea wasifu wa Rais George W. Bush. Google ilikuja kuuzima mchezo huo kwa algorithimu Januari 2007.

Hao walikuwa wanacheza. Wengine walikuwa kazini: waliuza viungo, wakabadilishana viungo, wakajenga mashamba ya tovuti zinazounganishana zenyewe kwa zenyewe. Novemba 2003 Google ilifanya mabadiliko makubwa ambayo wenye tovuti waliyapa jina Florida, na biashara nyingi ndogo zikajikuta zimetoweka kwenye matokeo wakati wa kuelekea Krismasi. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kuhusu alama ya nofollow, ambayo wakati huo iliiambia injini ya kutafuta isikihesabu kiungo fulani, kwa sababu watu walikuwa wanabandika viungo vyao kila penye nafasi ya kuandika maoni.

Saa inaingia kwenye hesabu

Kitu muhimu zaidi kwa swali letu kilitokea kimya kimya. Tarehe 31 Desemba 2003 wahandisi kadhaa wa Google, wakiwemo Matt Cutts, Jeff Dean na Monika Henzinger, waliwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kuhusu kupanga matokeo kwa kutumia historia ya ukurasa. Ombi hilo lilitolewa hadharani Machi 2005, na hataza yenyewe ikatolewa Machi 2008.

Humo ndani, "lini" imeingia. Wanatoa mfano wa ukurasa uliozaliwa jana wenye viungo 10, na mwingine wa miaka 10 wenye viungo 100. Wanasema ule wa jana unaweza kupewa alama zaidi, kwa sababu unakua haraka zaidi. Kwa hiyo kasi, kwanza kabisa, ilikuwa sifa nzuri!

Halafu wakaongeza tahadhari. Viungo vikipanda ghafla kama mlima, kunaweza kuwa na maelezo mawili. Huenda kuna jambo kubwa limetokea. Mfano wao ni tovuti ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ambayo inaweza kupata viungo vingi kwa haraka baada ya mlipuko wa ugonjwa kama SARS. Au huenda kuna mtu amenunua viungo, amebadilishana, au amevitoa mahali ambapo hakuna anayechuja kinachobandikwa. Hapa kwetu mfano mzuri ni Ushahidi, tovuti iliyoanzishwa Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi. Wanablogu wengi waliiunganisha muda mfupi tu baada ya kuanza, na hakuna aliyelipwa. Nchi ilikuwa inaungua na watu walitaka habari.

Naomba tuelewane: hataza si uthibitisho kwamba kitu kinatumika. Kampuni huandikisha mawazo mengi yasiyofika popote. Lakini watu wa biashara ya viungo hawakusoma hivyo. Wao walisoma neno moja tu, "ghafla", wakahitimisha kwamba Google imeweka spidi gavana kama ile ya matatu. Ukipita kiasi fulani kwa siku, umekamatwa. Ikazuka bidhaa mpya sokoni: viungo vya kununua vinavyodondoshwa kidogo kidogo, vichache kila siku, ili vionekane vya kawaida. Yaani dawa ile ile, ila sasa inamezwa kwa vijiko.

Mimi na Mama

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na vijana wengi tukaingia kwenye kazi za mtandaoni. Mimi nilikuwa naandika makala fupi za Kiingereza kwa wateja wa ng'ambo: dawa za kupunguza uzito, bima za magari, mapazia. Nilidhani ni uandishi. Baadaye nikagundua hakuna aliyekusudia zisomwe. Zilikuwa mifuko ya kubebea viungo.

Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua habari ya duka la JCPenney la Marekani. Duka hilo lilikuwa limeongoza Google kwa maneno mengi msimu wa Krismasi, likibebwa na maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana nalo hata kidogo. Kampuni ilisema haikuagiza viungo hivyo, ikaachana na washauri wake wa utafutaji. Gazeti lilifuatilia maneno 59. Tarehe 1 Februari wastani wa nafasi ya duka ulikuwa 1.3. Tarehe 10 Februari ulikuwa 52.

Niliisoma habari hiyo nikasema, hayo ni mambo ya wakubwa. Miezi tisa baadaye nikafanya yale yale.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huko pwani. Vyumba saba, wafanyakazi wanne. Nilimtengenezea tovuti, na alinilipa vizuri kwa wakati. Nilitaka sana afanikiwe, na nilitaka aone kuwa mimi ni fundi. Kwa hiyo, bila kumwambia, nikanunua viungo 3,000 kwa muuzaji wa ng'ambo kwa kama shilingi elfu nane. Vyote viliwekwa ndani ya wiki mbili, karibu vyote vikiwa na maneno yale yale manne. Tovuti ikapanda hadi ukurasa wa kwanza. Desemba hiyo vyumba vilijaa. Mama akanipigia simu kunishukuru, nami nikapokea shukrani hizo bila aibu.

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilitoa mabadiliko yaliyokuja kuitwa Penguin, na ikasema yatagusa karibu asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza kwa kiwango ambacho mtumiaji anaweza kukiona. Tangazo lilizungumzia hila, zikiwemo hila za viungo. Halikutaja kasi. Tovuti ya Mama ilitoweka. Kwa kuwa pwani Aprili hadi Juni ni mvua na wageni ni wachache, hakugundua. Alinipigia Julai.

"Mwanangu, mwezi wa saba huu na simu hailii. Kuna nini?"

"Ni Google, Mama. Wamebadilisha mambo. Tuvute subira."

Nilichosema kilikuwa kweli, ila nusu yake niliificha.

Oktoba 2012 Google ilitoa zana ya kukana viungo: unaandika orodha ya tovuti ambazo hutaki viungo vyake vihesabiwe kwako. Nilitengeneza orodha hiyo kwa siku tatu, nikamtumia Mama nakala kwa barua pepe ili aone kuwa ninafanya kazi. Akanipigia usiku.

"Nimesoma haya majina. Kamari, vidonge, vitu vya ajabu. Hawa ni nani, mwanangu? Wananijuaje?"

Hapo nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniambia mwezi wa saba, nisingemwachisha mpishi nikidhani nyumba yangu imechukiwa." Sikuwa na la kujibu. Nilimrudishia pesa zake, ila kazi ya yule mpishi sikuweza kuirudisha.

Kasi yenye sababu

Wakati huo Penguin ilikuwa inasasishwa kwa vipindi. Hata ukisafisha, ungesubiri hadi sasisho lijalo. Kati ya Oktoba 2014 na Septemba 2016 watu walisubiri karibu miaka miwili. Septemba 2016 Google iliiingiza Penguin kwenye algorithimu yake kuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na ikaanza kuvipuuza viungo vibaya zaidi ya kuishusha tovuti nzima.

Sisi hatukusubiri. Mwaka 2013 tulianza upya kwa jina jipya la tovuti. Mwaka wa kwanza tulipata viungo 11: waongoza watalii wa hapo hapo, wasafiri waliolala pale, shule ya kupiga mbizi ya jirani. Kisha mwaka uliofuata jarida moja la usafiri likaandika kuhusu nyumba yake, na kwa wiki moja zikaja tovuti zaidi ya 40. Nilipoona ule mstari kwenye grafu umesimama wima, moyo ulinienda mbio. Nilimpigia simu Mama kumtahadharisha kabla mambo hayajaharibika. Hayakuharibika. Tovuti ilipanda ikakaa pale.

Tofauti ilikuwa nini? Wiki ile kulikuwa na makala, watu waliisoma, wakaandika kila mmoja kwa maneno yake, na jina la nyumba likaanza kutafutwa. Zile wiki mbili za 2011 hazikuwa na tukio lolote. Watu 3,000 walikuwa wamependa nyumba moja ya wageni kwa wakati mmoja, kwa maneno manne yale yale, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu.

Mei 2024 nyaraka za ndani za Google zilivuja, na Rand Fishkin na Mike King wakazichapisha uchambuzi wake. Google ilikubali kuwa ni zake, ikaonya zisitafsiriwe nje ya muktadha. Ndani yake kuna sehemu zinazohusu maneno ya viungo vya spamu: wastani wa vinavyogunduliwa kwa siku, na ni siku ngapi zilichukua kugundua asilimia 80 ya maneno hayo. Nyaraka hazisemi vipimo hivyo vina uzito gani. Lakini niliposoma, nilizikumbuka wiki zangu mbili. Kasi imo, ila imewekwa pamoja na maneno yenyewe.

Kwa hiyo kijana wangu, na wewe msomaji, jibu langu ndilo hili. Usiogope viungo vingi kwa haraka, na usijidanganye kwamba vya kununua vikija polepole vinakuwa halali. Chukua grafu ya viungo vyako, weka kidole kwenye kila kilima, kisha jiulize: siku hiyo kulitokea nini? Kama unaweza kumjibu mteja wako bila kuficha nusu, lala usingizi. Kama huwezi, mpigie leo, usingoje Julai.

Tukutane tena hapa, Mungu akipenda.