Kadi Kabla ya Kura: Kwa Nini Watu wa Kawaida Walijiunga na TANU

Sisi walimu wa Kiswahili hufundisha msamiati wa siasa kila muhula: kura, kadi, mwanachama, mkutano wa hadhara. Wanafunzi huyashika maneno hayo upesi. Lakini huuliza: mtu asiye na cheo hupata nini hata apoteze siku nzima mkutanoni? Katika makala hii tunajaribu kulijibu swali hilo kwa kuiangalia Tanganyika kati ya mwaka 1951 na 1960.

Ipo dhana kwamba watu huingia katika siasa kwa kuwa wamepewa haki ya kupiga kura. Historia ya TANU haikubaliani na dhana hiyo. Chama hicho kiliundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa katika sheria. Wengi wa wakulima, wafugaji na akina mama waliokijenga chama hawakuwa na sifa hizo. Walishika kadi ya chama kabla ya kushika karatasi ya kura.

Ni nini basi kilichowasukuma? Kwanza, ni mambo yaliyogusa riziki yao. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Uluguruni, mwaka 1955, watu walikataa kulazimishwa kuchimba matuta milimani. Usukumani walichoshwa na amri za kupunguza mifugo. Watu hawa hawakuhitaji nadharia ya demokrasia. Walichotaka kujua ni nani mwenye kauli juu ya shamba na zizi lao.

Pili, waliingia kupitia vikundi walivyokuwa navyo tayari. Bibi Titi Mohamed, alipokabidhiwa tawi la wanawake mwaka 1955, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, naye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa lelemama. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU, ameonyesha kwamba wanawake hao walijua kuchangishana, kuitana na kuongozana kabla chama hakijazaliwa. Kanda ya Ziwa, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilikuwa shule ya namna hiyo hiyo.

Tatu, ni lugha. Si kila mtu alikijua Kiswahili, na wakalimani walihitajika baadhi ya mahali. Hata hivyo, pale kilipoeleweka, Mzaramo, Msukuma na Mmeru waliweza kusikilizana, na lalamiko la mmoja likawa la wote. Neno "uhuru" lilibeba ardhi, ng'ombe na heshima kwa pamoja. Katika uchaguzi wa 1960, masharti yakiwa yamelegezwa, TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Hapa kwetu Uganda nako, mwaka 1949, wakulima wa Buganda walidai kuchambua pamba yao wenyewe na kuchagua machifu wao. Dai la bei na dai la kura vilikwenda pamoja.

Hivyo basi, mwananchi anapobaki nyumbani siku ya uchaguzi, tusikimbilie kusema kwamba hajaelimika. Tuulize kwanza kama linalomuuma limo katika ajenda, na kama limesemwa kwa lugha anayoielewa. Swali la pili linatuhusu sisi walimu wa lugha moja kwa moja.