Upandaji Upya wa Miti Baada ya Majanga, Meru na Embu

Upandaji upya wa miti baada ya majanga ni kazi ya kurudisha miti iliyoteketea kwa moto, iliyokauka kwa ukame, au iliyong'olewa na mafuriko, upepo na maporomoko ya ardhi. Katika kaunti za Meru na Embu, mashariki mwa Mlima Kenya, kazi hii hufanyika ndani ya msitu wa serikali na vilevile nje yake: kwenye mipaka ya mashamba, kingo za mito, viwanja vya shule na vilima vya Mbeere. Makala hii inahusu zaidi miti ya nje ya msitu, ile inayoishi na watu, kwa sababu ndiyo husahaulika upesi baada ya janga.

Nchi yenyewe hushuka kwa kasi. Chini ya kilele chenye urefu wa mita 5,199 kuna msitu, kisha mashamba ya chai, kisha kahawa na makadamia, na hatimaye nyanda kavu za Mbeere huko Embu na Igembe huko Meru, ambako mkulima hutegemea mtama na ndengu. Safari ya saa chache kwa gari humpitisha mtu katika hali zote hizo. Ndiyo maana mche uliostawi Manyatta, upande wa juu, unaweza kufa Kiambere, nyanda za chini, na agizo moja la kupanda miti haliwezi kufaa kaunti nzima.

Majanga

Mvua za El Niño za 1997–1998 zilibomoa kingo za mito na miteremko. Machi 2012 moto uliunguza maeneo makubwa ya nyasi na vichaka vya juu mlimani, pamoja na sehemu ya msitu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na nyanda za chini za kaunti zote mbili zikaathirika. Ukame huo ulipokwisha tu, mvua kubwa za mwisho wa 2023 na mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yakafuata, yakiangukia ardhi iliyokuwa imebaki tupu.

Kuna pia janga la mikono ya watu. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilichunguza msitu kwa ndege na kukuta maelfu ya miti ya kamfa imekatwa, tanuri za makaa na mashamba ya bangi. Msitu wa Imenti ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa vibaya. Mwaka 2000 msitu wa Mlima Kenya ulikabidhiwa KWS, na uchunguzi uliochapishwa 2003 ulionyesha nafuu. Uharibifu huu hauwezi kutenganishwa na majanga ya asili: mteremko uliovuliwa miti na msumeno huporomoka kwa mvua ambayo zamani ungeistahimili.

Kungoja au kupanda

Ndani ya msitu ulioungua, mara nyingi lililo bora ni kuzuia mifugo na moto wa pili, kisha kungoja. Mtarakwa huota vizuri mahali palipopitiwa na moto. Kamfa ni shida zaidi: mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu, kwa hiyo hutegemea machipukizi ya mizizi, na mzizi ukikanyagwa au kulimwa hakuna kinachorudi. Nje ya msitu hali ni nyingine. Shamba lililosombwa na maji halina mbegu udongoni wala mti mama karibu, na hapo lazima mtu apande. Hapo ndipo thamani ya vichaka vya jadi inapoonekana, kama kile cha Mwenendega karibu na Runyenjes, ambacho Waembu hukihusisha na chimbuko lao. Vichaka hivyo vimehifadhi miti mikubwa ya asili ambayo mashamba ya jirani yaliipoteza zamani.

Wakati wa kupanda

Serikali ya Kenya ilitangaza sikukuu mbili za kupanda miti: tarehe 13 Novemba 2023, na tarehe 10 Mei 2024, ambayo ilikuwa pia siku ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko. Nia ilikuwa njema mara zote mbili, lakini kwa Mbeere tarehe hizo hazilingani hata kidogo. Katika nyanda hizo mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa, na zile za Machi huwa zinaishia Mei. Mche uliotiwa ardhini tarehe 10 Mei ulipata mvua ya siku chache, kisha ukakabiliwa na kiangazi hadi Oktoba. Wakulima wa huko hulijua hili, na wangeulizwa wangesema.

Miti ifaayo

Mti wa Mbeere ni mukau (Melia volkensii). Hustahimili ukame, mchwa hawaupendi, na mbao zake hushindana na mbao za msituni. Ugumu uko kwenye mbegu. Mbuzi hula tunda na kutema kokwa, na kokwa hiyo ni ngumu kama jiwe. Mwenye kitalu huipasua kwa uangalifu, hutoa mbegu ndogo ndani yake, huikata ncha kidogo, huiloweka, kisha huichana ganda kwa wembe bila kugusa kiini. Wembe ukipita kiasi, mbegu imekufa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) imeifundisha mbinu hii kwa miaka mingi, na bila mikono hiyo yenye subira hakuna mukau wa kutosha kupandwa.

Juu zaidi kuna muringa na muuru (Vitex keniensis), mti wa asili ya Kenya ambao Waingereza waliubandika jina la mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni. Mukima, uliotoka Australia, umejaa kwenye mipaka ya mashamba ya Embu kwa sababu hukatwa matawi kwa kuni na kuchipua tena. Mkaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira aliagiza uondolewe kando ya mito. Alikuwa sahihi, na yeyote anayeziba ukingo uliobomoka wa Rupingazi au Kathita kwa mikaratusi anaondoa tatizo moja kwa kuleta jingine.

Taasisi na matunzo

Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi kupitia vyama vya kijamii vya misitu. Mradi wa Mlima Kenya Mashariki, uliofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) kuanzia 2004 na kuwa na makao Embu, ulishughulikia mito na vilima. Mpango wa TIST wa wakulima wadogo wanaopanda miti, ulioanzia Mpwapwa nchini Tanzania mwaka 1999 na kuingia Kenya 2004, una vikundi vingi vya wakulima Meru. Kanuni yake ina maana kubwa: hulipa kwa mti ulio hai, unaohesabiwa shambani, wala si kwa shimo lililochimbwa.

Hesabu za hadhara bado hutaja miche iliyopandwa. Aliyepanda Mbeere mwezi wa Novemba na arudi Februari na mtungi wa maji, na achimbe kijikingamaji cha nusu mwezi upande wa chini wa mche. Akiukuta umekauka, aandike idadi hiyo pia.