Aliyepata Kura Nyingi Akashindwa

Kila baada ya miaka minne, mwezi wa Novemba uwadiapo, watu wa nchi yetu huanza kuulizana habari za Marekani kana kwamba uchaguzi ule ni wa kata jirani. Kinyozi humwuliza mteja wake, utingo humwuliza abiria, na mama mboga humwuliza mwanawe aliye shuleni, kwa kuwa yeye ndiye asomaye vitabu. Si ajabu. Mwaka 1960, John Kennedy alipokuwa akigombea Urais, mfuko wa jamaa yake ulitoa dola 100,000 kuwasaidia vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa kusoma huko kwa ndege kwa juhudi za Tom Mboya. Tena Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliposhinda mwaka 2008, serikali yetu iliifanya tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko. Tumekwisha kuwa na hisa katika jambo lile, ingawa kura hatuna.

Maswali mengine ni mepesi. Kwa nini Jumanne? Kwa sababu sheria ya mwaka 1845 iliweka Jumanne ifuatayo Jumatatu ya kwanza ya Novemba, wakati ambapo mkulima amekwisha kuvuna na baridi kali haijafunga njia. Yasemekana kuwa Jumanne ilifaa kwa kuwa mtu aliweza kusali Jumapili, akasafiri kwa farasi Jumatatu, na kesho yake akapiga kura. Kwa nini Rais huapishwa Januari? Zamani aliapishwa tarehe 4 Machi. Badiliko la Katiba la mwaka 1933 ndilo lililoleta tarehe 20 Januari. Lakini liko swali moja lisilojibiwa kwa sentensi moja. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura zipatazo milioni 2.9 zaidi ya zile za Donald Trump, na aliyeapishwa ni Trump. Hesabu ya namna gani hiyo? Wala hakuiba mtu. Sheria ndivyo isemavyo.

Jibu la kwanza, msomaji, ni kwamba Wamarekani hawamchagui Rais wao moja kwa moja. Mpiga kura wa Ohio au wa Texas, awekapo alama penye jina la mgombea, kwa kweli huchagua kundi la wajumbe walioahidi kumpigia mgombea yule kura. Na tuwaite wajumbe wachaguzi. Kila jimbo lina wajumbe wachaguzi sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, kisha huongezewa wawili, kwa kuwa kila jimbo, dogo kwa kubwa, lina maseneta wawili. Mji mkuu wa Washington, usio jimbo, ulipewa watatu kwa badiliko la Katiba la mwaka 1961. Jumla yao ni 538, na apataye 270 ndiye Rais. Karibu kila mahali, mgombea ashindaye jimboni, hata kwa kura moja, huchukua wajumbe wote wa jimbo lile. Ni Maine na Nebraska tu yawezayo kuwagawa.

Chukua mfano wa shule yenye mabweni matatu, kila bweni na wanafunzi 100. Achaguliwe kiranja mkuu kwa sharti kwamba ashindaye mabweni mengi ndiye kiranja. Mgombea wa kwanza anashinda mabweni mawili kwa kura 51 dhidi ya 49, na katika la tatu anapata 10 tu dhidi ya 90. Piga hesabu: ana kura 112, mwenzake ana 188. Hata hivyo kengele ya shule itakuwa mkononi mwake. Hayo ndiyo yaliyompata Clinton. Trump alishinda Pennsylvania, Michigan na Wisconsin kwa kura zisizotimia 80,000 kwa jumla ya majimbo yote matatu, naye akawachukua wajumbe wao wote.

Sasa, nani aliyebuni mpango huu, na alitaka nini? Hapa ndipo historia inapoanza kuwa na uchungu.

Mwaka 1787, tangu Mei mpaka Septemba, wajumbe wa majimbo walikutana mjini Philadelphia kutunga Katiba. Waliohudhuria ni 55, wote wanaume, wote weupe, nao walifunga milango ili siri isitoke. Jambo la kumpata Rais liliwatatiza kuliko mengi. James Wilson wa Pennsylvania alitaka achaguliwe na watu wenyewe. Wengine walikataa. George Mason wa Virginia aliona kwamba kuwaachia watu wote shauri hilo ni sawa na kumpa kipofu kazi ya kuchagua rangi, maana nchi ni pana, na mtu wa Georgia atamjuaje mtu wa Massachusetts? Wengine walitaka Bunge limchague, wakaambiwa kwamba Rais wa namna hiyo atakuwa mtumishi wa Bunge. Majimbo madogo nayo yaliogopa kumezwa na makubwa.

Hofu hizo ni za heshima, na vitabu vingi vya shule huishia hapo. Lakini palikuwa na jambo jingine, nalo alilitaja waziwazi James Madison, mwenyewe mtu wa Virginia na mwenye watumwa. Alikiri kwamba uchaguzi wa watu wote ungefaa, ila alionya kwamba majimbo ya kusini yangepata hasara, kwa sababu sehemu kubwa ya watu wake ni Waafrika watumwa, nao hawapigi kura. Angalia hoja hiyo kwa makini. Ikiwa kura zitahesabiwa kichwa kwa kichwa, mtumwa ni sifuri. Ikiwa wajumbe watagawanywa kwa idadi ya wakaaji, mtumwa aweza kuhesabiwa kwa faida ya bwana wake bila ya yeye mwenyewe kugusa karatasi ya kura.

Na ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamekwisha kupatana kwamba katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa watano watahesabiwa kama watu watatu. Mapema Septemba kamati ya watu 11 ilipoleta shauri la wajumbe wachaguzi, wanaolingana na viti hivyo pamoja na maseneta, hesabu ile ya tatu katika tano iliingia ndani ya uchaguzi wa Rais kimyakimya. Neno "mtumwa" halimo kabisa katika Katiba ile ya mwanzo. Wanaitwa "watu wengine". Virginia, iliyokuwa na watumwa zaidi ya 290,000 katika hesabu ya watu ya mwaka 1790, ikawa na wajumbe wengi kuliko jimbo lolote. Katika miaka 36 ya kwanza ya Urais, miaka 32 Rais alikuwa mtu wa Virginia: Washington, Jefferson, Madison na Monroe. Mwaka 1800 Jefferson alimpita John Adams kwa wajumbe 73 dhidi ya 65, na wanahistoria kadhaa wamepiga hesabu wakaona kwamba, bila ya zile kura za watumwa wasiopiga kura, Adams angebaki katika kiti chake.

Mambo hayakuchelewa kuharibika. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura za watu na za wajumbe pia, 99 dhidi ya 84 za John Quincy Adams, lakini hakuna aliyefikia nusu. Katika hali hiyo Baraza la Wawakilishi huchagua, nalo likamchagua Adams. Adams akampa Henry Clay, aliyekuwa mgombea mwenzake na aliyemwunga mkono, kazi ya kushughulikia mambo ya nchi za nje. Watu wa Jackson walipiga kelele kwamba pamefanywa biashara chafu, wakaendelea kupiga kelele miaka minne mpaka mtu wao akashinda mwaka 1828.

Lakini uchaguzi ninaotaka uukumbuke kuliko mingine ni ule wa mwaka 1876. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, utumwa umepigwa marufuku, na badiliko la Katiba la mwaka 1870 lilikuwa limekataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Askari wa serikali kuu walikuwa bado kusini. Samuel Tilden wa chama cha Democratic alipata kura za watu zipatazo 250,000 zaidi ya Rutherford Hayes wa Republican. Alikuwa na wajumbe 184, akihitaji mmoja tu. Hayes alikuwa na 165. Waliobaki ni 20, wa Florida, Louisiana, South Carolina na mmoja wa Oregon, nao waligombewa na pande zote mbili, kwa maana kusini palikuwa na udanganyifu, na Weusi wengi walikuwa wametishwa na kuuawa ili wasipige kura. Iliundwa tume ya watu 15. Ikaamua kwa kura 8 dhidi ya 7 kwamba wote 20 ni wa Hayes. Hayes akapata 185, Tilden 184.

Watu wa kusini walikubali kutulia, na mwaka 1877 Hayes akawaondoa askari waliokuwa wakizilinda serikali za Republican zilizosalia Louisiana na South Carolina. Kuna ubishi juu ya kiasi gani mapatano hayo yalifungwa kwa ahadi, lakini matokeo hayana ubishi. Majimbo ya kusini yalianza kumnyang'anya Mweusi kura yake kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa kamba ya kunyongea. Ilipita karibu miaka 90 mpaka sheria ya mwaka 1965 ikairudisha. Wakati huo wote Mweusi wa Mississippi alihesabiwa mtu mzima, si tatu katika tano, katika kuliongezea jimbo lake wajumbe, na kura hakupiga. Kwa hesabu tupu, bwana alifaidika kuliko wakati wa utumwa.

Msomaji asidhani kwamba mizani ya namna hii ilijulikana ng'ambo peke yake. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili hata tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake au utumishi wake, na wengi hawakuwa na hata moja. Waliodai kura moja kwa kila mtu walijua wanadai nini.

Turudi Marekani. Mwaka 1888 Grover Cleveland alipata kura nyingi za watu, akashindwa na Benjamin Harrison. Akarudi akashinda mwaka 1892. Kisha jambo hili likalala kwa zaidi ya miaka 100, hata watu wakadhani limekufa. Mwaka 2000 likaamka. Al Gore alimpita George Bush kwa kura zaidi ya 500,000 katika nchi nzima, lakini kila kitu kikategemea Florida, ambako watu karibu milioni 6 walipiga kura na tofauti ikawa 537. Wahesabu kura walishika karatasi zilizotobolewa wakiziangalia kwenye mwanga kama mtu achunguzaye noti ya bandia. Tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisimamisha kuhesabu upya.

Mwaka 2020 Joe Biden alimpita Trump kwa kura zaidi ya milioni 7, na ungefikiri kwamba hapo hapana neno. La. Katika Georgia, Arizona na Wisconsin tofauti yote pamoja haikufika 45,000. Kama majimbo hayo matatu yangeangukia upande wa pili, kila mmoja angekuwa na wajumbe 269, na Baraza la Wawakilishi lingechagua, kila jimbo kura moja, Wyoming sawa na California. Tarehe 6 Januari 2021, siku ya kuhesabu kura za wajumbe, umati ulivamia jengo la Bunge ili kuizuia hesabu hiyo. Mwaka 2022 sheria ya kuhesabu ikatungwa upya. Mwaka 2024 Trump alishinda kwa wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris, na safari hii kura za watu pia zilikuwa zake. Lakini pande zote mbili zilikuwa zimetumia karibu nguvu zao zote katika majimbo saba, kana kwamba mengine 43 hayakuwa na watu.

Wako wautetao mpango huu, nao si wajinga. Husema kwamba bila huo wagombea wangekaa mijini tu, na wakulima wasisikilizwe. Hofu hiyo tunaijua. Katiba yetu ya mwaka 2010 humtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, tena angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ila sisi kwanza twahesabu watu. Huko Wyoming ina mjumbe mmoja kwa kila wakaaji 200,000 hivi, na California mmoja kwa zaidi ya 700,000. Mimi sioni sababu ya kura ya mchunga ng'ombe kuwa nzito mara tatu kuliko ya mchuma zabibu.

Mbona basi hawaubadilishi? Walijaribu. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha shauri la kuufuta kwa kura 338 dhidi ya 70. Mwaka uliofuata maseneta, wengi wao wa kusini na wa majimbo madogo, waliliua kwa kurefusha maneno mpaka muda ukaisha. Kubadili Katiba ile hutaka theluthi mbili za mabaraza yote mawili na majimbo 38 kati ya 50, na aliye na kura nzito hana haraka ya kuipunguza uzito.

Kwa hiyo wengine wametafuta njia ya pembeni. Mwaka 2007 Maryland ilikuwa ya kwanza kutunga sheria kwamba wajumbe wake watapewa mgombea aliyepata kura nyingi katika nchi nzima, hata kama jimboni ameshindwa. Lakini sheria isianze kazi mpaka majimbo yenye wajumbe 270 yawe yameafiki. Hadi mwisho wa mwaka 2024 majimbo 17 na mji wa Washington yalikuwa yamekwisha kuafiki, karibu yote ni yale ambayo kwa desturi hukipigia kura chama cha Democratic. Wajumbe wao walikuwa 209.