Maili 40 kati ya Dar na Unguja

Saa 2:10 asubuhi magurudumu yaliacha lami ya Dar es Salaam. Nilikaa nyuma ya rubani, kwenye ndege ndogo ya injini moja, ile ambayo kabla ya kupanda unapimwa uzito wewe na begi lako. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kanzu, anakwenda Unguja kumzika dada yake. Maziko ni saa 4.

"Tutawahi, mwanangu?"

"Tutawahi, mzee. In shaa Allah."

Kisiwa cha Mbudya kikapita upande wa kulia, ikafuata bahari tupu na majahazi mawili matatu.

Wengi hudhani Unguja iko mashariki ya Dar. Kumbe viwanja vya ndege vya pande hizi mbili vimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, na ndege huelekea kaskazini moja kwa moja: kilomita 73 hivi, yaani takriban maili 40 za baharini. Kinachonistaajabisha ni kwamba ndege zimebadilika sana, lakini dakika za njia hii hazijabadilika kiasi hicho.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, pwani hii ilihudumiwa na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamama Florence Kerr Wilson. Vita vikaimaliza. Mwaka 1946 ikaanza kazi East African Airways, na ndege zake za mwanzo zilikuwa Dragon Rapide: mabawa yaliyopandana mawili mawili, mwili wa mbao na kitambaa, abiria wachache tu, mwendo wa kilomita 210 hivi kwa saa. Piga hesabu: dakika 21 angani.

Baadaye zikaja DC-3, kisha Fokker Friendship. Mwaka 1977 East African Airways ikasambaratika, na mwaka huohuo ikazaliwa Air Tanzania. Mwaka 2016 shirika hilo likapokea Bombardier Q400, ndege ya viti 76 inayoweza kupita kilomita 600 kwa saa. Kwa mwendo huo Unguja ingekuwa dakika saba. Haiwezekani. Ndege haijamaliza kupanda vizuri, rubani ameshaanza kuishusha. Kasi yake haipati pa kufunguka. Ongeza kusubiri zamu ya kuruka na kujipanga kutua, utajikuta palepale kwenye dakika 20.

Naamini hii ndiyo sababu ndege ndogo hazijafukuzwa kwenye njia hii. Zinabeba watu kumi na kidogo, ni za polepole, lakini zinachopoteza ni dakika chache tu. Boti ya mwendo kasi, pamoja na sifa zake zote, hula karibu saa mbili.

Muda mrefu unaliwa nchi kavu. Siku ile nilitoka Mwenge saa 11:30 alfajiri, na foleni ya barabarani peke yake ilinichukua zaidi ya mara tatu ya muda wa angani.

Kisiwa cha Chumbe kikatokea na mnara wake wa taa, uliosimama tangu 1904. Saa 2:27 tukagusa lami ya uwanja wa Kisauni, Unguja. Mzee akafungua mkanda ndege ingali inatembea, akashika kofia yake mkononi. Vijana wawili walikuwa wakimsubiri nje, gari limeshawashwa.